Kona ya Kilimani kwa Mama

Mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia amekodi trekta dogo achonge barabara mpaka nyumbani kwa mama, jambo la kwanza nililojiuliza ni anataka nini. Sijivunii hilo, lakini ndivyo tulivyokuwa tangu baba afariki. Yeye anaishi Mandewa, mimi Unyambwa, kata mbili za mji mmoja, na tukikutana mjini tulisalimiana kama watu wa ofisini.

Nyumba ya mama iko juu ya mlima, upande wa Iramba. Pikipiki ziliishia chini, na kutoka hapo mtu alipanda kwa miguu akishika vichaka. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumsumbua, na mara ya mwisho alipokwenda zahanati majirani walimteremsha mgongoni. Barabara ilihitajika, sikatai. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini aianze bila kuniita tukae tuzungumze, wakati eneo lote lile ni la urithi na hatujagawana.

Nilikwenda baada ya wiki moja. Nilimkuta yuko peke yake kwenye trekta, anakata udongo upande wa mlima kwa kile kibao cha chuma cha mbele, anausukuma upande wa bonde, kisha anarudi kinyumenyume kuushindilia kwa matairi. Alikuwa amepigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kuonyesha njia. Nilivifuata kwa macho. Vilipanda vizuri mpaka katikati ya mteremko, halafu vikaacha sehemu yenye udongo laini, karibu tambarare, vikapinda kwenda kwenye miamba mitupu.

"Shikamoo dada," alisema, akazima trekta.

"Marahaba. Mbona umepinda? Hapa si ndipo rahisi?"

"Hapo hapafai. Maji ya mvua yatapachimba."

Alisema hivyo huku anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Pale hapakuwa na dalili ya maji kupita. Nyasi zilisimama vizuri. Na ile miamba alikuwa anaiwashia moto, anaimwagia maji ipasuke, kisha anaivunja kwa nyundo kubwa. Nani anajitesa hivyo bila sababu? Huku kwetu kuna watu waliopata dhahabu kwenye mashamba ya mahindi. Nikajisemea, kijana ameona kitu.

Jioni nilipoingia jikoni, yeye na mama walikuwa wananong'ona kwa Kinyiramba. Waliponiona wakaacha. Mama akachukua ungo akaanza kupepeta mtama uliokwisha kupepetwa. Basi, nikajua na mama yumo.

Asubuhi mdogo wangu alikwenda kutafuta dizeli. Nikachukua jembe, nikashuka mpaka pale kwenye udongo laini. Sikuchimba sana. Jembe liligonga jiwe bapa, na nilipofukua kwa mkono nikaona jingine kando yake, na jingine, yamepangwa na mtu. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimemkamata.

"Acha!"

Mama alikuwa ameshuka peke yake, sehemu nyingine akijiburuza kwa makalio. Khanga yake ilijaa vumbi.

"Hapo yupo dada yako," alisema.

Nilikaa chini. Alinieleza akiwa bado anahema. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku sita. Wakati huo nyumba yao ilikuwa hapo, wakamzika nyuma ya ukuta. Baba hakutaka asemwe tena. Mdogo wangu aliambiwa siku alipopitisha vigingi juu ya kaburi.

"Na mimi je, mama? Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyemfuata. Kila nikitaka kukuambia naona kama nakuitia mabaya."

Nilirudisha udongo kwa mikono. Mdogo wangu aliporudi nilimweleza nilichofanya, na nilichokuwa nimemdhania. Alitua dumu la dizeli.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?" nikamuuliza.

"Mama alinikataza. Halafu, dada, ulivyokuwa unaniangalia, hata ningekuambia ungeniamini?"

Nilikaa siku nne zaidi. Yeye alivunja mawe, mimi nilimwaga maji kwenye miamba ya moto, na mvuke ulitufanya tukohoe mpaka tukacheka. Kona ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mara moja tairi la nyuma lilining'inia juu ya bonde, nikapiga kelele aruke. Hakuruka. Alisogea mbele polepole mpaka likashika ardhi, kisha akashuka akakaa chini, nami nikakaa karibu naye.

Mwezi uliofuata mama alikwenda zahanati kwa bodaboda iliyompakia mlangoni, amekaa upande, akimgombeza dereva apunguze mwendo. Sisi tulimfuata nyuma kwa miguu.