Nilimtangaza Mjukuu Wangu Kuwa Anaita Radi

Kosa ni langu. Msimtafute shetani, ni mdomo wangu huu!

Mjukuu wangu alikuwa akisoma Urusi. Alipokuja likizo hapa kwetu, upande wa Maganzo, nilimuuliza, "Huko unafanya kazi gani, baba?"

Akasema wanapasha hewa mpaka inawaka kama jua, ndani ya pete kubwa ya chuma. Haigusi chuma, sumaku zinaishikilia. Ndani yake umeme unazunguka, na ukienda kombo, moto wote unazimika. Kazi yake ni kurusha mawimbi ya mikrowevu, ndugu wa mawimbi ya redio, yausukume umeme upite panapotakiwa.

"Bila waya?"

"Bila waya, bibi."

"Kama ng'ombe na mluzi?"

Alicheka akashika mbavu. "Hapo hapo!"

Jamani, ningeishia hapo! Kichwa kilinivimba. Kisimani nikamtangaza.

"Kama ni fundi hivyo," akanicheka jirani yangu, nimwite Mama Masanja, "mbona kwako mnawasha kibatari?"

Nilichomwa! Nikamjibu, "Akitaka, hata radi ya mawinguni anaipigia mluzi. Itakuja mpaka kwako!"

Wiki haikuisha. Radi ikawaua maksai wa Mama Masanja shambani, bado wako kwenye nira.

Wazee wakaita mkutano. Mjukuu wangu akaeleza kwamba mashine yao iko huko huko Urusi, na haihusiani na mawingu. Nani amsikilize? Wakanigeukia mimi. "Bibi, kazi yake unaielewa?"

Ningesema sielewi, yangeisha. Lakini mimi, mbele ya Mama Masanja, niseme sijui?

"Naielewa sana!"

"Na ulisema anaita radi?"

Ole wangu! "Nilisema."

"Bibi!" mjukuu wangu akaniita.

Wakamfukuza na sanduku lake, asikanyage tena kijiji hiki. Nami nimetengwa. Asubuhi majirani walikuwa wakija kuomba kaa la moto jikoni kwangu. Sasa wanapita mbali. Nimekwenda kwa wazee nikapiga magoti, nikasema nilidanganya. Wakasema, "Sasa ndiyo unadanganya."

Nyie bibi wenzangu, mtoto akileta elimu yake nyumbani, isemeni kama alivyoisema. Ikiwashinda, semeni imewashinda. Haiui!

Mimi mawingu yakianza kunguruma natoka uani, nasimama peke yangu, majirani waone kwamba hayupo, radi inapiga bila yeye.

Wanafunga milango.