Ngoja Congo Ipite

Jumanne, katika saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, runinga ilirudia gwaride la nchi zilizofika Morocco, inayoandaa michezo ya Afrika kwa mara ya kwanza. Msusi Mkongomani akaweka chanuo chini. Mteja wake, Mrundi, alikuwa amesukwa nusu kichwa.

"Yaya, dada yangu, saa nane naenda kuomba kazi," mteja akasema.

"Ngoja Congo ipite."

Ikapita, akapiga makofi. Sisi tuliokuwa tukingoja zamu tukamwambia hiyo ni ya Brazzaville, si yake ya Kinshasa. Akaendelea kusimama, akingoja yake.

"Burundi ilipita umenikamata kichwa," mteja akasema. "Sikuiona."

"Si ungesema, mama, nikugeuze."

Mteja akafunga kitambaa juu ya ile nusu, akaenda. Kama kazi aliipata, sijui. Ila wale wenye bendera, sikumwona hata mmoja akituulizia sisi wa huku ugenini.