Upande wa Chakula

Kwetu Shauri Moyo ni chumba kimoja, na meza haikai. Tuliwahi kuwa nayo. Kitanda cha pili kilipoingia, meza ikatoka. Kilichobaki ni kibao cha plaiwudi, kipana kama sinia, ambacho mwenye kazi hukipakata.

Baba ni fundi wa viatu. Hukata soli juu yake, kwa hivyo upande wake umejaa makovu ya kisu na gundi. Upande wa pili ni laini, wa mama: kuchagua mchele, kukata mboga za sukuma wiki, kusukuma chapati Jumapili. Upande wa chakula hauguswi na kitu kingine. Mimi sina upande. Huandikia upande wa baba, na penseli hutumbukia kwenye mikato ikatoboa karatasi.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa uchoraji alisema, "Jumatatu nataka ramani ya nyumba. Mwenye karatasi ya matundu ahamie somo lingine. Meza za kuchorea hapa darasani haziwatoshi nyote."

Nililitaka somo hilo kuliko yote. Humo hakuna anayekusimamisha usome kwa sauti.

Ningemwomba mama upande wake. Badala yake nikangoja atoke. Jumamosi mchana alipoenda mazoezi ya kwaya, nikakigeuza kibao. Karatasi ilikuwa moja tu, basi nikajaribu kwanza kwenye kibao chenyewe: sebule, jikoni, milango. Nikafuta kwa kitambaa, halafu nikachora kwenye karatasi. Haikutoboka hata mahali pamoja.

Jumapili wakaja wenzake mama kutoka kanisani. Mmoja alipakata kibao akisukuma chapati. Alipoinua donge alilolitandaza, mistari ya kijivu ilikuwa imeshika upande wa chini.

"Dada, hii chapati iko na vyumba vingapi?"

"Iko na choo pia," mwenzake akasema, akichungulia.

Wakacheka. Mama hakucheka. "Nani ameshika upande wa chakula?"

Nilitazama vidole vyangu. Baba, bila kuinua macho kwenye kiatu, akasema, "Ni mimi. Nilipima soli."

"Baba watoto, miaka yote hii hujui upande wako?"

Akaendelea kushona kiatu. Nami nikamwacha agombezwe mbele ya wageni. Hiyo ndiyo sehemu inayonichosha kila nikiikumbuka.

Walipoondoka, mama aliketi kitandani akijikanda miguu. Nilimpa ile ramani, kwa sababu kusema kulinishinda. Akaifuata mistari kwa kidole.

"Kumbe ni wewe. Na hiki kisanduku hapa katikati?"

"Meza."

Alishusha pumzi. "Si ungesema tu, mwanangu. Ukimaliza unaosha na sabuni. Mimi sitaki kula penseli."

Jumatatu mwalimu aliielekeza karatasi yangu dirishani, akatafuta matundu, kisha akaiweka kwenye rundo la wanaobaki. Nilidhani nitafurahi. Nilipiga miayo tu; usiku sikuwa nimelala.

Sasa kila wiki kuna ramani. Nangoja mama amalize sukuma, naosha kibao, nakikausha, nakipakata mpaka magoti yafe ganzi. Baba akipita nyuma yangu huinama kidogo.

"Leo nimepima soli ngapi?"

"Vyumba vitatu, baba."

"Pole na kazi," husema, na kurudi kwenye viatu vyake kungoja zamu yake ya kibao.