Ngozi ya Kuchujia Petroli

Mtu akiniambia ajali haina kinga, naudhika mpaka leo. Ile ya Temeke kinga ilikuwepo. Ilikuwa kipande cha ngozi laini, na kila asubuhi mimi ndiye niliyekianua kwenye kamba yangu ya nguo.

Mume wangu alikuwa mtia petroli wa helikopta iliyoletwa kunyunyiza dawa ya mbu mabondeni. Petroli yote sharti ipite kwenye ile ngozi: yenyewe hupenya, maji hubaki juu. Jioni alirudi nayo nyumbani, maana akiiacha kwenye uwanja wa helikopta madereva waliifutia vioo vya magari.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo, na mapipa ya petroli walikuwa wameyasimamisha wima, maji yametuama juu ya vifuniko na kupenya ndani. Asubuhi nilipompelekea mume wangu chai, nilimkuta rubani, Mzungu mmoja kijana, anaitazama saa yake.

"Bwana, ngoja kidogo nichuje," mume wangu akamwambia. "Pipa hili limenyeshewa."

"Mimina hivyo hivyo! Upesi!"

Akamimina. Nilikasirika palepale. Ningekuwa mie, ningeimwaga chini.

Helikopta ikapanda. Haijavuka vilele vya minazi, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Ikaanguka kwenye shamba la mihogo. Sisi wengine tulipiga mayowe tu. Mume wangu alikimbia, petroli inavuja, akamtoa rubani aliyevunjika mguu na kumbeba mgongoni mpaka barabarani.

Siku ya tatu tukaitwa uwanjani. Afisa alikuwa na karatasi tayari: mfanyakazi hakuchuja petroli, ndiyo sababu ya ajali. Atie kidole gumba.

Mume wangu alikataa. Aliomba pipa lilelile, akatandika ngozi juu ya mdomo wa ndoo, akamimina taratibu. Petroli ikapita. Juu ya ngozi yakabaki maji, kiasi cha kikombe kizima, kila mtu anayaona. Nilijisikia fahari, nikadhani yamekwisha.

"Siku ile ulijua pipa lina maji?" afisa akauliza.

"Nilijua, bwana. Ndiyo maana nilimwambia rubani angoje."

Afisa akaandika, kisha akatusomea. Ameandika neno moja tu: nilijua. Mengine yote kayaacha.

"Na rubani je?" nikamuuliza, ingawa hakuna aliyenipa ruhusa ya kusema. "Kamuulizeni yeye!"

"Ameulizwa. Hakumbuki."

Mume wangu alifukuzwa siku hiyohiyo. Hata ile ngozi waliichukua, wakasema ni mali ya serikali. Shukrani ya punda ni mateke, najua, lakini punda hana ulimi wa kusemea. Yule rubani alikuwa nao. Nilikuwa nikimfuata nyuma njia nzima, amebebwa, kichwa kimelala begani kwa mume wangu, na nilimsikia kwa masikio yangu akirudia: "Laiti ningengoja. Laiti ningengoja."