Umelisalimia Bomba?

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Nainuka, nazunguka uani, mke wangu ananiuliza, "Kimekuchoma nini tena?" Nitakusimulia, ila usinikatize, maana nikikatizwa nachukia na kunirudisha ni kazi.

Unaniona hapa na miwani yangu na mikono inayotetemeka. Zamani nilikuwa kijana, fundi wa mabomba ya maji katika karakana moja pale Bukoba, na nilikuwa kiguu na njia. Asubuhi niko Kitendaguro, mchana bandarini, jioni hata mwenyewe sijui niliko. Watu walinisifu kwamba ni mchapakazi. Uongo mtupu! Nilikuwa nakimbia. Vita na Uganda ilikuwa imekwisha, na kabla hatujamaliza kuezeka upya nyumba zetu ukaingia ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikija kwa magendo kutoka Uganda, kwa sababu kila mtu alitaka jina lisilotisha. Wengine walisema ni uchawi. Tulizika, tukarudi, tukanawa mikono, kesho tukazika tena. Ukikutana na rafiki aliyekonda hukuthubutu kumuuliza hali. Ulitazama pembeni, ukasema una haraka.

Dada yangu Kemilembe alilazwa kwa ugonjwa huohuo katika hospitali ya misheni kule Muleba. Wiki ya tatu ilikuwa inakwisha nami sijatia mguu. Na huyo Kemilembe, mwanangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wakati wa vita, mizinga iliposikika na watu wakaanza kukimbilia kusini, alinishika mkono tukatembea kutoka Kitendaguro mpaka Muleba. Nilikuwa nimeshakua kiasi cha kuona aibu kushikwa mkono, nikawa najinasua. Akaniambia, "Vuta uvutavyo, sikuachii." Na kweli hakuniachia. Sasa yeye yuko kitandani, na mimi naogopa hata kikombe alichokigusa. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Basi asubuhi moja bosi wangu, Mzee Byabato, akaniita. Mashine ya kuoshea madirisha ya hospitali ileile imeharibika, twende. Nikasema, "Mzee, tumbo linanisokota."

"Litasokotea Muleba," akajibu, akapanda gari.

Mashine yenyewe ilikuwa kitu cha kushangaza siku zile. Pipa limekaa juu ya toroli, chini yake bomba dogo linaloendeshwa kwa betri ya gari. Bomba linavuta maji ya pipa, linayasukuma mpaka kwenye koki ya kupimia, na kutoka hapo yanapanda kwenye mpira mrefu hadi kwenye brashi yenye mpini wa kufika juu kabisa ya dirisha. Masista waliletewa na wafadhili wao. Madirisha ya wodi yalikuwa marefu, ya kioo, na vumbi la barabara lilikuwa limeyafanya mekundu hata ndani usione nje. Muuguzi mkuu, mama mmoja mkali kweli, alisema mtu anayelala miezi lazima aone migomba, asione ukuta tu.

Huyo mama aliponiona tu akanishika bega. "Dada yako yuko kitanda cha dirishani, hilo hapo. Kila siku anakuulizia."

"Nitaingia nikimaliza kazi," nikasema. Kazi ni kichaka kizuri sana cha kujifichia, mwanangu. Hakuna anayekulaumu ukiwa umeshika spana.

Mzee Byabato akaenda kwanza kuamkia watu wa jikoni na kutazama tangi. Mimi ningengoja nini? Nikaunganisha betri. Bomba likaunguruma kidogo, likazima. Likaunguruma, likazima. Maji kwenye brashi yakadondoka matone mawili matatu, basi. Hapohapo nikatoa hukumu: bomba limekufa. Nikachukua bisibisi nikalifungua tumbo, nikavuta mpira wake wa ndani kwa pupa, na ule mpira ukachanika mkononi mwangu. Lo! Jasho likanitoka. Vipuri vya bomba kama lile havikuwapo Bukoba nzima, hata kwa yule Mhindi wa duka la vyuma, na wenzake wengi walikuwa wameshafunga maduka wakaondoka.

Mzee akarudi akaona vyuma vimetandazwa kwenye majani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Umelisalimia?" akaniuliza.

"Nini, mzee?"

"Bomba. Umelisalimia kabla ya kulipasua tumbo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe ni Mhaya au uliokotwa njiani? Ukifika kwa watu unaanza kwa kuvunja mlango? Unauliza umeamkaje, unangoja ujibiwe. Unauliza watoto, unangoja. Unauliza shamba. Ukifika kwenye jambo lenyewe umeshajua mambo yote ya nyumba hiyo. Haya, kusanya uchafu wako, tuanze upya."

Akachuchumaa, na magoti yake yalikuwa mabovu kuliko haya yangu. Akaanzia maji yanakotoka. "Pipa, hujambo?" Akachungulia: maji yamo. Akaupapasa mpira wa kuvutia kwa vidole, pole pole, kuona kama umekunjika au unavuta hewa. Mzima. Betri: nzima, si bomba liliunguruma? Akafika kwenye koki. Akaifungua, akaichungulia kwenye jua, akachukua unyasi akachokoa. Likatoka guu la senene. Guu moja, la kijani, na nyuma yake bawa lililojikunja.

Si unajua, ulikuwa msimu wa hao panzi wetu. Walikuwa wamefuata taa za hospitali, wakaanguka pipani, na aliyelijaza maji hakulifunika. Koki ilipoziba maji yakakosa njia, bomba likasukuma, likashindwa, likapumzika, likasukuma tena. Ndiyo maana ya kule kuunguruma na kuzima. Lilikuwa linaniambia, nami sikusikiliza.

"Bomba lilikuwa zima," Mzee akasema. "Mgonjwa wako umemuua wewe."

Maneno yale yalinichoma, maana kioo kilikuwa pale karibu na nilijua nani yuko upande wa pili.

Akanituma kwa mlinzi nikaombe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Tukakata mpira mpya kwa wembe, tukaupima, tukaukata tena. Mara mbili nilitaka kukimbilia kufunga, mara mbili akanipiga kofi la mkono. Jua lilikuwa limepita utosini tulipomaliza. Tukaunganisha betri, nikafungua koki nusu, na maji yakatoka sawasawa, hayakati.

"Jaribu dirisha," akasema.

Nikaupandisha mpini. Vumbi likaanza kushuka kwenye kioo, tope jekundu, kisha maji masafi. Na nyuma ya kioo, hatua mbili kutoka pua yangu, dada yangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama. Shuka imemzidi, macho yamekuwa makubwa. Pembeni mwa dirisha palikuwa na ufa, wa kutosha jicho moja. Alikuwa ananitazama tangu asubuhi.

Sikuweza kusogea. Maji yakanimwagikia miguuni. Mzee Byabato akafunga koki mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Na huyo, umemsalimia?"

Nikaingia. Viatu vina tope, mikono ina grisi, nikasimama kando ya kitanda sijui niiweke wapi mikono.

"Umekuja kwangu au kwa bomba?" Kemilembe akaniuliza.

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Kwa bomba, dada."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Afadhali hujasema uongo. Haya, nisalimie basi."

Nikapiga goti nikamsalimia kwa Kihaya, salamu zote, na "waitu" yetu ya heshima, bila kuruka hata moja. Umeamkaje. Umelalaje. Unakula nini. Panauma wapi. Nikangoja jibu la kila swali. Mengine alijibu kwa kirefu, mengine alikaa kimya, nami nikangoja kimya chake pia. Alikuwa hali chakula cha hospitali. Alikuwa anaogopa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo. Tulipomaliza akaunyosha mkono, mfupa mtupu, nikaushika, sikujinasua.

"Niletee senene," akasema.

Nikawaleta kesho yake, wamekaangwa wamekauka vizuri. Alikula wanne tu, akasema nimezidisha chumvi. Kila siku baada ya kazi nilikuwa naomba lifti ya malori ya kahawa kwenda Muleba. Nilimpata kwa siku kumi na tisa, mwanangu. Ya ishirini nilikuta kitanda kimetandikwa na dirisha limeoshwa. Siku kumi na tisa nashukuru. Lakini kabla yake zilikuwapo nyingine ishirini, alipokuwa bado na nguvu ya kutembea mpaka mlangoni kunitazamia, na hizo nilizitupa mwenyewe. Ndizo zinazoniinua kitini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila hawakusema habari za ndugu anayejificha asiyaone maradhi. Huyo naye huumbuka.

Kwa hiyo shika haya. Kitu kikiharibika mbele yako, kiwe chuma au kiwe mtu, usikimbilie bisibisi. Kuuliza si ujinga. Anzia maji yanakotoka, fuata mpaka yanakofika, na kila mahali uliza na ungoje jibu. Mara nyingi ni guu la senene tu. Na pale isipokuwa guu la senene, pale usipoweza kutengeneza chochote, salimia hivyohivyo. Nimesikia shangazi yako amelazwa, na wewe umekuja hapa kwangu kunieleza jinsi ulivyo na kazi nyingi. Unadhani kwa nini nimekusimulia yote haya?

Nenda leo. Mungu akupe mikono mipole na miguu inayojua kutulia. Akupe masikio ya kungoja jibu. Siku ukilala wewe, asikosekane wa kukuuliza umeamkaje, na aulizaye asiwe na haraka. Haya, inuka. Chai utainywa ukirudi.