Vichwa Sita, Mlango wa Tatu

Mwanaima hakuwa mtu wa magomvi. Huko kwao Msambweni alilelewa katika nyumba ya watoto wengi, mtoto wa katikati, yule ambaye hakuna aliyemsikia akilalamika. Alipoolewa na Abubakar akahamia Ukunda, majirani walimjua kwa salamu zake na kwa sahani ya mahamri aliyoipeleka kila mlango siku za Idi. Lakini mwaka jana, kwa sababu ya maji, mwanamke huyo huyo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Ploti aliyopanga ilikuwa na milango mitano inayotazamana na ua mmoja. Kila nyumba ilikuwa na mfereji wake wa maji, lakini mita ilikuwa moja tu, pale karibu na lango. Bili ikija, Fondo aliigawanya sawa kwa milango mitano. Fondo ndiye aliyewekwa na mwenye nyumba kukusanya kodi na kuangalia ploti. Mgao ule haukumfurahisha kila mtu, ila ulikuwa mwepesi, na watu waliishi nao.

Kisha akaja Harrison kukaa mlango wa kwanza. Alikuwa kijana wa bara, dereva wa kubeba watalii, na alikaa peke yake. Baada ya Ramadhani bili ilipanda ghafla, naye akawaita watu uani.

"Mimi sina noma na watoto wa mtu," alisema. "Lakini mimi naoga asubuhi, natoka, narudi jioni. Mama Mwanasha ako na watoto wanne. Sasa tulipe sawa kwa nini? Tuhesabu vichwa. Kila mtu alipie vichwa vyake, basi."

Kadzo wa mlango wa pili alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa rafiki ya Mwanaima, na alitazama chini alipokubali.

Mwanaima, mama yake Mwanasha, hakukasirika siku ile. Kwa haki ya Mungu, aliona kuna ukweli. Watoto wanaoga, wanamwaga, wanachafua. "Haya," alisema, "mimi nitalipa zaidi ya wengine. Si neno." Baadaye alijilaumu sana kwa maneno hayo.

Kesho yake Fondo alisimama mlango wa tatu, kwa Mwanaima, kidole juu, akihesabu. "Wewe mwenyewe. Mwanasha. Iddi. Rashidi. Hasina. Na Abubakar. Vichwa sita."

"Abubakar yuko kazini Chale, Fondo. Huja siku mbili akarudi. Huko anaoga maji ya hoteli."

"Na hapa akija haogi?"

"Na huyu Hasina? Huyu ananyonya! Hajui hata ladha ya maji."

"Nepi zake zafuliwa na nini?"

Hilo ndilo lililomuuma Mwanaima zaidi. Nepi zilifuliwa, tena kila siku. Lakini kichwa kizima? Mtoto anayeoga ndani ya beseni la vyombo alipe sawa na mwanamume anayesimama chini ya bomba akiimba nyimbo mbili tatu?

Maana Harrison alikuwa kichwa kimoja tu, na kila jioni kichwa hicho kilivuta mpira wa maji kikaosha gari la watalii pale uani, povu likitiririka mpaka mlangoni kwa watu. Mchumba wake, Judy, alikuja kila Ijumaa, akafua, akaosha nywele, akaondoka Jumatatu. Huyo hakuhesabiwa. Kwa Kadzo kulikuwa na wifi yake aliyekuja kusalimia na bado alikuwa akisalimia tangu mwanzo wa mwaka. Fondo alipouliza, aliambiwa ni mgeni.

"Mgeni wenu anakunywa upepo?" Mwanaima alimuuliza Kadzo.

Kadzo aliingia ndani. Tangu hapo sahani haikwenda wala haikurudi kati ya nyumba zile mbili.

Mwanaima akaanza kubana. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya kufulia yalimwagwa chooni. Watoto wawili walioga karai moja, na aliyeoga wa pili alitoka analia kwamba maji ni machafu. Kutwa nzima alikuwa akipiga kelele: funga, punguza, nani ameacha wazi? Iddi akawa anaogopa kugusa mfereji. Anatoka chooni, anajipangusa mikono kwenye kaptula, anakaa kula.

Haukupita muda Rashidi akaanza kuendesha, tumbo likimvuruga. Kule zahanati muuguzi alimtazama Mwanaima, akauliza kwa upole, "Nyumbani mnanawa mikono kwa sabuni, mama?" Mwanaima alitamani ardhi ipasuke. Yeye, aliyefunzwa usafi tangu utotoni, leo anaulizwa swali kama lile.

Na bili ilipokuja, ilikuwa imepanda tena.

Hapo akavaa buibui, akamfunga Hasina mgongoni, akaenda mwenyewe ofisi ya maji. Dirisha la kwanza walimwambia aende la pili. La pili walikuwa wameenda kunywa chai. La tatu walimtaka arudi la kwanza. Alisimama, akakaa, akanyonyesha, akasimama tena, hata akapata binti mmoja aliyekuwa tayari kumweleza.

"Yuniti za mwanzo bei yake ni ya chini, mama," binti alisema. "Ni ili kila familia ipate maji ya kupika na kuoga. Mkizidi hapo bei inapanda, na mkizidi tena inapanda tena. Sasa nyinyi ni nyumba tano kwenye mita moja. Kompyuta inaona ni mteja mmoja, tena anayemwaga maji ovyo."

"Kwa hiyo ile bei ya chini, ya familia?"

"Nyote pamoja mnaimaliza mwezi ukiwa mchanga. Yanayobaki mnalipia bei ya juu."

Mwanaima alikodoa macho. Miezi yote ile wamegombana wao kwa wao, wamehesabiana watoto, kumbe kila nyumba inalipa kama hoteli. "Basi nipe mita yangu."

"Mwenye nyumba ndiye anayeomba, mama. Mpangaji hawezi."

Mwenye nyumba alikuwa Bi Twaiba, mwanamke mtu mzima aliyekaa Waa, na simu yake iliita tu bila kupokewa. Fondo aliombwa afikishe habari. "Nitamwambia," alisema Fondo. Wiki ikapita. "Nitamwambia, si nimekwambia nitamwambia?"

Mwisho wa mwezi Mwanaima alilipia vichwa vinne. Cha Abubakar na cha Hasina alivikataa, akamwambia Fondo aende popote anapotaka.

Fondo hakwenda mbali. Alikwenda nyuma ya nyumba, penye koki ya mlango wa tatu, akaifunga.

Rashidi alikuwa ndani ya karai wakati ule, sabuni kuanzia utosini mpaka magotini, macho ameyafumba. Mwanaima alifungua mfereji, ukakoroma, ukatoa matone, ukanyamaza. Mtoto akaanza kulia kwamba macho yanamwasha. Mwanaima alichovya upindo wa leso aliyojifunga katika maji ya kunywa, akampangusa macho. Alitazama lile povu lililobaki, akaita.

"Mwanasha, mshike Hasina. Mkae ndani na Iddi."

Alimviringisha Rashidi ndani ya leso, na povu lake, akasimamisha tuktuk barabarani.

"Mama, kiti changu!" dereva alilia.

"Kitakauka. Twende Waa."

Kwa Bi Twaiba viatu vilijaa mlangoni. Siku ile walikuwa wamekuja wageni wa posa ya mjukuu wake. Wanawake walikaa kwenye majamvi, udi unafuka, sinia za vitafunio katikati. Siku nyingine yoyote Mwanaima angerudi kinyumenyume. Alivua viatu, akaingia.

"Asalaam alaikum. Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba, mwanangu." Bi Twaiba alimtazama, akamtazama na mtoto. "Na huyu je?"

"Huyu ni kichwa cha nne cha mlango wa tatu. Fondo ametufungia maji hali yu katikati ya kuoga. Nimekuletea ummalizie."

Mgeni mmoja, mama yake bwana harusi mtarajiwa, alicheka ndani ya mtandio. Bi Twaiba aliinuka taratibu, akampokea Rashidi na povu lake, akampeleka uani. Alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe, na gauni lake la wageni likalowa. Mtoto alipotakata, akamgeukia mama yake.

"Mimi nilimwambia Fondo akusanye kodi. Kumnyima mtoto maji sikumwambia. Lakini na wewe, Mwanaima, leo? Mbele ya watu hawa?"

"Simu yako haishikiki, Bi Twaiba. Nami nataka utuombee mita, kila mlango na yake."

"Na hizo mita tano nani atazinunua? Mimi?"

Walivutana palepale, karibu na birika la kutawadhia, kwa sauti za chini kwa sababu ya wageni. Walikubaliana Bi Twaiba aombe mita na atoe fedha za kwanza, kisha wapangaji wamrudishie kidogo kidogo juu ya kodi. Jioni ile koki ilifunguliwa. Aliyeifungua ni Fondo mwenyewe.

Lakini mita hazikuja upesi. Mara ofisi ilitaka sahihi nyingine, mara mafundi hawana gari, mara wamekuja na mita nne badala ya tano. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza walipofunga ya mwisho.

Bili za kwanza zilipokuja, ya Mwanaima ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote pale uani.

"Si niliwaambia?" Harrison alisema.

"Uliniambia," Mwanaima alijibu. "Na hii ni nusu ya mliyonilipisha. Hata nusu haifiki." Tangu wiki ile Harrison alipeleka gari likaoshwe mjini. Wifi ya Kadzo naye alikumbuka kwao. Hakuna aliyemwomba Mwanaima msamaha. Kadzo alimsalimia asubuhi, kwa mbali, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole kabla ya kuyaoga.

Alimpigia simu Abubakar, akamsimulia yote: ofisi, tuktuk, wageni wa posa, bili. Abubakar alisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lakini mke wangu, si ungelipa tu, kuliko kwenda kututia aibu kwa watu?"

Mwanaima aliitazama ile simu. Akaikata, akailaza kifudifudi juu ya meza, akatoka uani kuanika nepi.