Mambo Mengine ya Kufanya Baada ya Mchanga

Huko chini ya Usa River kuna ziwa dogo, na kando yake kuna vilima vya mchanga mweusi. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuviona. Wanapanda, wanateleza kwa makalio, wanapiga picha, wanakung'uta suruali, wanaondoka kabla ya chakula cha mchana. Jamani, mchanga! Wenyeji wakiuona ndani ya nyumba wanachukua ufagio.

Juu kidogo ya hapo anakaa Mama Tabea Kaaya, mjane wa miaka sitini na saba, kwenye migomba na kahawa aliyoachiwa na marehemu. Nyumba yake hupata maji ya mfereji kila Alhamisi, zamu iliyopangwa tangu enzi za baba mkwe wake. Sharti ni moja tu. Kila mwezi, siku ya kuzibua mfereji, kila nyumba itoe mtu mwenye jembe. Usipotoa, zamu zako zinarukwa mpaka uzibuaji mwingine.

Goti la Tabea lilikuwa likimsumbua tangu mwaka juzi, na mwezi mmoja, siku ya kuzibua, likagoma kabisa. Mwanawe Yoeli yuko Mwanza. Tabea akawaambia majirani kwamba alikuwa na harusi Moshi. Alhamisi nne zikampita, maharage yakaanza kujikunja majani, na ilimuuma mpaka akawa hali vizuri. Lakini kuomba? Binti wa mzee wa kanisa, aliyefundisha kwaya miaka ishirini, aende kubisha hodi kwa watu, eti nichimbieni? Thubutu!

Siku ya mfereji ilipofika tena, alikwenda ziwani asubuhi na ubao. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake cha darasa la saba: mambo mengine ya kufanya baada ya mchanga. Moja, kunywa kahawa ya kutwanga. Mbili, kula loshoro. Tatu, kuchimba mfereji wa asili.

Wakaja Waholanzi wanne. Wakanywa kahawa, wakala loshoro la mahindi na maziwa ya mgando, wakauliza namba tatu iko wapi. Tabea akawapa majembe mawili, koleo na sufuria kuukuu.

Mferejini walimkuta Mzee Nelson, Baba Prisca, mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Wakasema "Shikamoo," kama walivyofundishwa njiani. Mmoja wao alimzidi Nelson miaka kumi. Nelson akaitikia "Marahaba" kwa wote wanne, bila haya.

"Hawa ni wa nyumba gani?"

"Ya kwangu. Wamekula kwangu."

Kamati ikakaa pembeni. Aliyekula kwako siku ya mfereji huhesabiwa mtu wako, na kanuni haikutaja rangi. Wakaandikwa. Walichimba mpaka saa tisa, wakapiga picha malengelenge yao, wakashukuru sana. Alhamisi maji yakaja, na Tabea akaimba huku akiyaelekeza kwenye maharage.

Mwezi uliofuata, siku ya mfereji, nyumba zote kumi na tatu zilikuwa ziwani, kila moja na sufuria yake ya loshoro na majembe ya akiba. Alikuja mtalii mmoja tu, mama wa Kijerumani. Alikula kwa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa ya tano alikimbilia gari. Mfereji haukuguswa, na baada ya wiki ulikuwa umeziba kabisa. Hata mwenyekiti alikosa maji, na maharage ya Tabea ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua.

Jumamosi watu wakarudi mferejini na majembe yao wenyewe, hakuna anayemtazama mwenzake. Tabea naye akaja, peke yake. Akashuka kinyumenyume huku ameshikilia mizizi. Akapiga jembe moja. La pili, goti likakataa. Akabaki ameinama vile vile, hapandi hashuki, machozi yakimtoka kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu.

Nelson akamfuata, akamshika kwapani, akamkalisha ukingoni.

"Mama Yoeli, goti hili limeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Nelson alikasirika kweli. "Tumepakana miaka thelathini na nane. Mume wako nilimfukia kwa mikono hii. Halafu unaona heri ukamwombe Mholanzi?"

"Sikumwomba. Nilimtangazia."

"Na mimi si ungenitangazia?"

Aibu ilimshika Tabea mpaka masikioni. Nelson akachukua jembe lake, akashuka kwenye sehemu ya Tabea kabla hajagusa ya kwake.

"Baba Prisca," Tabea alisema kwa sauti ndogo, "naomba unichimbie."

Ilibidi arudie, maana Nelson alikuwa ameshaanza kuchimba na hakusikia.